Sufuria ya Arusi, Uji wa Mzazi

Wambeti alipotoka dukani kwa Abubakar na ile sufuria kichwani, watu wa Majengo pale Embu waliona kitu cha ajabu: mwanamke asiye na kichwa, anakwenda mbio, na kutoka ndani ya bati sauti inanung'unika peke yake. Sufuria ilikuwa imemshuka hadi mabegani. Ili aone njia ilibidi aiinamishe nyuma kila baada ya hatua chache, kama mtu anayevulia kofia wakubwa.

Yeye alikuwa ameingia kutafuta kasufuria kadogo. Ka uji tu. Binti yake Beth alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na mzazi bila uji wa wimbi ni kama ng'ombe bila majani: utamkamua nini? Vyungu vyote vya Wambeti vilivunjika siku serikali ya wazungu ilipowatoa watu makwao na kuwarundika katika kijiji kimoja chenye handaki na miti iliyochongwa pande zote, ili wapiganaji wa msituni wasipate wa kuwalisha. Kilichosalia ni sufuria moja kuukuu yenye tundu. Kila asubuhi Wambeti aliliziba tundu kwa ugali, na kila asubuhi moto uliula ule ugali kabla mtu hajapata staftahi.

"Ndogo zimekwisha, mama," Abubakar alikuwa amemwambia. "Lori halijafika. Barabara imejaa wanajeshi."

"Na ile pale juu, nyuma ya mataa?"

"Ile ina mwenyewe."

"Amepatikana sasa hivi nilipoiuliza?"

Abubakar alikohoa, akapanguza meza ambayo haikuwa na vumbi. "Chukua hii kubwa, mama. Sufuria kubwa itapika uji mdogo, lakini ndogo haiwezi kupika wali wa arusi."

"Nani anaoa?"

"Hilo Mungu ndiye ajuaye."

Wambeti alimtazama kwa jicho moja, kama anavyotazama maziwa yaliyochanganywa maji. Lakini ruhusa ya kutoka kijijini ilikuwa ya siku hiyo tu, na kesho yake wanawake walikuwa wanarudi kwenye kazi ya serikali, kuchimba mitaro. Akalipa. Alipoomba mfuniko, Abubakar akampa mmoja, na mfuniko ukatumbukia ndani ya sufuria kama chura kisimani.

"Huu si wake."

"Utazoeana nayo," alisema Abubakar. "Na ukishavuka kizingiti, mama, hakuna kurudisha."

Langoni mwa kijiji alikuwa amesimama gadi mmoja, mlinzi wa serikali aliyeitwa Ireri, kijana mrefu mwenye mkuki na koti la kijeshi lililokuwa refu kumshinda.

"Simama! Nani huyo ndani ya sufuria?"

"Ni mimi, Mama Beth."

"Hii inapikia nani?"

"Mzazi. Binti yangu amejifungua."

"Amejifungua wangapi?"

"Mmoja."

Ireri aligonga sufuria kwa mpini wa mkuki. Ikalia kama kengele ya kanisa, na masikio ya Wambeti yakalia nayo. "Hiki ni chombo cha kulisha kikosi, mama. Ng'ambo ya mto mwanamke mmoja alipatikana na chungu kikubwa. Naye alisema ni cha uji. Unajua yuko wapi sasa?"

"Wapi?"

"Hata mume wake hajui. Alipakiwa kwenye lori." Ireri akashusha sauti, kama mtu anayekufanyia hisani. "Hedimani, mkubwa wetu, anakuja kukagua kijiji. Kabla hajafika nitakuwa nikipita kwako wakati wa chakula, nione kimepikwa kiasi gani na kimeliwa na nani. Kikizidi watu wa nyumba, nitasema."

Wambeti aliingia kijijini akilifikiria lile lori. Mwenyewe hakuogopa lori sana. Amezaa watoto, amezika wengine, lori ni nini. Lakini mume wa Beth, Njagi, alikuwa kizuizini tangu mwaka uliopita. Runji, mzee wake Wambeti mwenyewe, alishinda mjini akifagia ofisi ya Bwana DC, na mtu huyo hata maji hajui yanachemka yakifanyaje. Wambeti akipakiwa, Beth angebaki amelala pale kitandani, damu bado haijatulia, na mtoto akilia kifua kikavu.

Runji aliporudi jioni aliizunguka ile sufuria kama mtu anayetazama gari la mzungu.

"Mbona ulichukua kubwa?"

"Mbona wewe hukuninunulia ndogo?"

Alikula viazi vyake akimwangalia mke wake kwa pembe ya jicho, halafu akasogeza kigoda na kunong'ona. "Wambeti, niambie ukweli wa Mungu. Kuna mtu unampelekea chakula?"

Hilo lilimchoma kuliko mkuki wa Ireri. "Ningekuwa na chakula cha kupeleka," alisema, "ningekupelekea wewe kwanza, uache kunila kwa macho."

Asubuhi akapika uji. Uji wa mzazi mmoja ndani ya sufuria ya arusi! Ulitandaa chini ukawa kama maji yaliyomwagika sakafuni, ukashika moto pembeni kabla ya kuiva katikati, na mwiko haukuwa na mahali pa kuzama. Beth aliuonja, akakunja pua, halafu akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Alikuwa hajacheka tangu Njagi achukuliwe. Wambeti akajifanya amekasirika, akaisugua sufuria kwa majivu, akatia maji vuguvugu, akamweka mjukuu ndani. Kale katoto kalitulia mle kama mfalme, kakanyoosha vidole vya miguu. Kwa hiyo sufuria ilifaa kitu kimoja.

Jioni Ireri akaja kama alivyosema. Hakubisha hodi, gadi habishi. Aliweka mkuki mlangoni, akainama juu ya sufuria, akachungulia njahi zilizokuwa zikichemka. Njahi ni maharage meusi ambayo kwetu hupewa mzazi ili maziwa yashuke, na si chakula cha kuchezea.

Wakati huo huo jirani yao, kikongwe Wanjugu, aliingia kuomba kaa la moto. Wanjugu alikuwa haishiwi na kaa la moto la kuomba. Kila jambo kijijini lilipotokea, moto wake ulizimika. Alimwona Ireri, akapiga makofi.

"Uuu! Mwanamume ameinamia chungu cha mwanamke! Huyu ameolewa lini?"

"Ni kazi ya serikali, nyanya," alisema Ireri bila kugeuka, na akachota mwiko mzima, akautia mdomoni. "Ni lazima kuonja. Chakula cha msituni hutiwa chumvi nyingi ili kisiharibike njiani."

"Na hiki?"

Ireri alitafuna akitazama dari. "Bado sijajua," alisema, akachota tena.

Ikawa hivyo kila jioni. Wambeti hakujua kama yule kijana alikuwa na shaka au alikuwa na njaa, na mtu asiyejua lipi kati ya hayo mawili hawezi kupanga. Siku alipopika kidogo, Ireri alisimama katikati ya nyumba akauliza, "Jana ilikuwa nyingi. Leo imepungua. Ile nyingine imekwenda wapi?" Siku alipopika nyingi aliuliza, "Yote hii ya nani?" Ile nyingine ilikuwa imekwenda tumboni mwake, na hii yote ilikuwa yake pia, lakini ni nani wa kumwambia hivyo mtu mwenye mkuki? Runji alilala akiwa ameshiba nusu. Beth alianza kusema maziwa yanapungua.

Wambeti akaanza kumshuku kila mtu. Alimshuku Wanjugu na makaa yake. Alimshuku Runji, kwamba amesema maneno ofisini akifagia. Zaidi ya wote alimshuku Abubakar, maana kwa nini mtu auze sufuria ya arusi mwaka ambao hata mazishi yanataka kibali? Akaomba ruhusa ya kwenda kutafuta dawa ya tumbo, akaibeba sufuria hadi Majengo.

Abubakar alimwona akija, na jinsi sufuria ile ilivyokuwa, asingeweza kutomwona.

"Mama, nilikuambia. Hakuna kurudisha."

"Nipe ndogo yoyote. Hata iliyopinda."

"Hii imeshalambwa na moto. Itazame tako lake lilivyo jeusi! Nitamwuzia nani?" Kisha akainama juu ya meza. "Na hata ungeileta ikiwa mpya nisingeipokea. Nimekatazwa kuuza kubwa. Waliniuliza ni nani aliyenunua ya mwisho. Leo wakiikuta imerudi, watauliza mama yule alishtuka nini."

"Na wewe uliwaambia ni nani?"

Mwenye duka alipanguza tena ile meza. "Niliwaambia ni mama mmoja mnene."

"Mimi si mnene."

"Ndiyo, mama. Niliwaambia hivyo kwa sababu si mnene."

Wambeti alitaka kumwamini. Lakini Abubakar akafungua mkebe, akatoa kipande cha sukari guru, akakifunga kwenye karatasi. "Cha mzazi. Sichukui kitu." Hapo shaka ikarudi mara mbili. Mwenye duka akikupa cha bure, hesabu vidole vyako. Alirudi nyumbani na sufuria yake, na nusu ya safari alikuwa akiinusa ile sukari kabla ya kuionja kidogo tu, pembeni, ili kuhakikisha haitamdhuru Beth. Alihakikisha mara tatu.

Hedimani alikuwa anatarajiwa keshokutwa yake. Jioni hiyo Ireri alikuja mapema, akala akiwa amekaa kabisa, kwenye kigoda cha Runji. Moshi ulikuwa mwingi kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Wambeti akasema, kwa matumaini, kwamba labda moshi unamsumbua.

"Mimi?" Ireri alicheka, mdomo umejaa. "Mimi nisumbuliwe na moshi? Nilitahiriwa mwaka wa njaa ya mihogo, mama. Tuliingia mto Rupingazi alfajiri, maji yanakata kama kioo, na kisu kilipokuja sikupepesa jicho. Waulize tuliokuwa nao! Jeraha lilipopona nikaenda Timau, kwenye mashamba ya ngano ya wazungu, kule kwa baridi. Sikurudi mpaka hii hali ya hatari ilipotangazwa. Moshi, kitu gani?"

Mwiko wa Wambeti ulisimama ndani ya sufuria.

Njagi naye alitahiriwa mwaka wa njaa ya mihogo. Njagi naye aliingia Rupingazi alfajiri ile ile. Siku ya kuleta mbuzi wa mahari wenzake wa rika walikuja naye wakaimba jambo hilo hadi jogoo wakakasirika. Ireri hakuwepo kwa sababu alikuwa Timau, akipalilia ngano. Na sasa serikali ilikuwa imechanganya watu wa vilima vyote kijiji kimoja, hakuna anayejua nani ni nani kwa nani.

Kwa watu wa huku, waliomwaga damu pamoja ni ndugu. Mkwe wa mmoja ni mkwe wa wote. Na mkwe hali mbele ya mama wa mke wake. Akikutana naye njiani huacha njia na kupita majanini. Kuchungulia sufuria yake? Kutia mwiko mdomoni akiwa amemkodolea macho? Hata mwendawazimu hafanyi hilo, maana hata wendawazimu wana wakwe.

Ireri alipoondoka, Wambeti alimweleza Beth. Beth akamshika mkono.

"Mama, usimwambie. Ataona aibu. Na gadi akiona aibu hupiga."

"Nisipomwambia, keshokutwa atamwambia hedimani sufuria hii inapika kwa siku zaidi ya kinacholiwa na watu wa nyumba. Na ni kweli, ila hatasema ni nani aliyekula."

"Na ukimwambia kwamba mwenzake wa rika ni mtu wa kizuizini? Atajikana. Anaweza kutuchomea nyumba ili aonekane hatujui."

Kijana yule alikuwa amevaa koti la serikali juu ya ngozi aliyozaliwa nayo, na hakuna aliyejua ni lipi lililokuwa limemshika zaidi.

Siku ya ukaguzi Wambeti alipika njahi tangu asubuhi. Nje filimbi zilikuwa zikilia, watu wamepangwa mbele ya milango yao. Ireri alitangulia, kama kawaida, akaingia peke yake ili amalize upelelezi kabla mkubwa wake hajafika. Wanjugu alikuwa tayari ndani akitafuta kaa la moto. Ireri akachota mwiko uliojaa, akautia mdomoni.

Ndipo Wambeti alipovuta shuka lake, akafunika uso, akamgeuzia mgongo.

"Mwenzake Njagi," alisema kwa sauti ndogo, ile ya heshima, "unisamehe. Nyumba hii imefanya kosa. Nimemlisha mkwe wangu kwa mkono wangu, tena nikimtazama mdomoni."

Njahi zilichemka zenyewe.

"Njagi nani?" Ireri alisema kwa shida, maana mdomo bado ulikuwa umejaa.

"Wa Rupingazi. Mwaka wa mihogo. Huyu aliyelala hapa na mtoto ni mke wake, na mimi ndiye niliyemzaa."

"Uuuu!" Wanjugu alidondosha kaa la moto, na mara moja kwa maisha yake hakuliokota. "Mkwe amechungulia chungu cha mama mkwe!"

Wambeti hakugeuka. Kwa chini ya shuka aliona viatu vya Ireri tu, na viatu vile havikujua vielekee wapi. Mdomoni mwa kijana kulikuwa na njahi za mama mkwe wake: kumeza ni aibu, na kutema chakula chake mbele yake ni tusi lisilo na dawa. Viatu vikapiga hatua moja mbele. Beth akamkumbatia mtoto. Wambeti akangoja mpini wa mkuki mgongoni.

"Ireri!" Hedimani aliita nje. "Humo ndani kuna nini?"

Viatu vikaanza kurudi nyuma, kimoja kimoja, vikagonga kizingiti, vikatoka. Wambeti akasogea kwenye ufa wa ukuta akachungulia. Ireri alikuwa ameinua kola ya koti mpaka masikioni.

"Hapa ndipo penye ile sufuria," alisema hedimani, mzee mfupi mwenye tumbo na fimbo. "Inapikia nani?"

Koo la Ireri lilipanda, likashuka. Akameza. "Watu wa nyumba hii, mzee."

"Mbona ulikuwa ukiniambia una mashaka?"

"Yamekwisha."

"Chakula chote kinaliwa hapa hapa? Una hakika gani?"

Wanjugu, aliyekuwa amejipenyeza hadi mlangoni, akajibu kwa niaba yake. "Mtazame kidevu, mzee."

Hedimani akatazama. Njahi moja ilikuwa imeganda pale, nyeusi, ikisubiri. Mzee aliitazama, akatazama vifungo vya koti vilivyokuwa vimeanza kubana tumboni, na uso wake ukaingia mashaka mapya ambayo hayakuwa ya Wambeti tena. "Ingia, unionyeshe hiyo sufuria."

"Siwezi, mzee."

"Huwezi! Amri yangu?"

"Humo ndani yuko mama mkwe wangu."

"Tangu lini una mkwe kijiji hiki?"

"Tangu mwaka wa mihogo," alisema Ireri, akiangalia chini.

Hedimani alifungua mdomo. Naye alikuwa amezaliwa kwenye vilima hivi hivi, ana wakwe watatu na shemeji wengi kuliko gadi. Alinyoosha shingo kuelekea mlango, akakumbuka kwamba ndani kuna mzazi pia, akairudisha. "Nitaitazama sufuria hiyo," alisema, "kwa mbali." Kisha akapuliza filimbi, akaenda kwenye nyumba iliyofuata, na Ireri akafuata nyuma yake bila kugeuza kichwa.

Wambeti alikaa chini pale pale kwenye majivu. Beth alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Runji, aliporudi na kusimuliwa, alimtazama mke wake muda mrefu, halafu akanyanyuka, akamletea kuni bila kuambiwa. Hakuomba msamaha kwa maneno, lakini zilikuwa kuni kavu, na kuni kavu wakati ule si kitu cha kuokotwa tu njiani.

Siku ya tatu Wanjugu alikuja akiburura mbuzi kwa kamba. "Wa kuosha aibu," alisema. "Mkwe wako amemtuma kwa mkono wangu, maana yeye hawezi kufika tena hata kwenye ua huu."

Wambeti alimpokea kwa furaha kama inavyostahili. Halafu akapiga magoti, akashika kichwa cha mbuzi, akatazama masikio, maana huku kila ukoo hukata masikio ya mbuzi wake kwa namna yake. Ncha za masikio yote mawili zilikuwa hazipo. Kidonda kilikuwa bado kibichi.

"Amemtoa wapi huyu?"

"Mimi nimetumwa tu."

"Alama imekatwa."

"Labda alizaliwa hivyo," alisema Runji, ambaye alikuwa ameshanoa kisu.

"Masikio yote mawili? Na akazaliwa juzi?"

Mbuzi alikuwa mnono. Mtoto alikuwa akilia, na Beth hakuwa ameonja nyama tangu kabla ya kujifungua. Wambeti alipima jambo hilo kwa muda wa kutosha ili asije akaambiwa hakupima, kisha akamwachia Runji njia.

Kwa mara ya kwanza sufuria ilijaa. Mchuzi ulichemka mpaka ukingoni, mafuta yakielea juu kama sarafu za dhahabu, na harufu yake ikapita ukuta kwa ukuta kijiji kizima. Beth alikunywa bakuli la kwanza, jasho likamtoka, na kabla ya jua kutua maziwa yalikuwa yamelowesha nguo yake. Wambeti alimwangalia mjukuu akinyonya hadi akalala na ziwa mdomoni.

Kisha akachukua mwiko, akagawa. Bakuli moja kwa kila nyumba ya mstari wao, za juu na za chini, hakuruka hata moja. Watu walimbariki, wakasema hawajaona mwanamke mkarimu kama huyu tangu waletwe hapa. Wambeti alizipokea baraka, lakini kwenye kila mlango alisubiri hadi mwenye nyumba aonje, akimtazama usoni. Mbuzi wa mtu alikuwa ndani ya sufuria yake, na alitaka mwenyewe, awaye yote, awe amekula sehemu yake kabla ya kuanza kuuliza.

Katika nyumba ya mwisho alikaa mzee mmoja mgane. Alionja. Akaonja tena, taratibu, akatoa kipande cha mfupa akakigeuza geuza mwangani.

"Mama Beth," alisema, "huyu mbuzi alikuwa wa rangi gani?"

"Sikumwona vizuri, mzee," alisema Wambeti. "Kulikuwa na moshi. Nikuongeze?"